Taa Kuwaka Siyo Kuchaji

Nimekabidhi benchi la ufundi. Chuma cha kuchomea risasi, koleo ndogo, mita ya mshale yenye kioo kilichopasuka, vyote sasa ni vyenu, vijana wa Majengo, na mimi nakaa nyumbani nachambua maharage kama watu wengine. Juzi nilijikuta nataka kupima volti za jiko la mkaa. Mume wangu alinitazama akasema, "Leokadia, hujazoea bado." Kweli sijazoea! Mmeniomba niwaandikie ya zamani, haya, naandika. Ila mjue mapema kwamba nacheka ninapoandika, na anayetaka maandishi ya kukunja uso akatafute mstaafu mwingine.

Nililipwa nini, nilipandishwa lini, hayo sitayagusa. Hayajawahi kutengeneza chaja hata moja. Nitaanza na siku ya kwanza, kwa sababu siku ile nilikuwa nimekuja mjini kujifunza cherehani.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, na aliamini msichana akijua kushona hafi njaa. Basi nikafika Majengo, hapa Sumbawanga, na kitambaa changu kwapani, nikakuta duka la ushonaji limefungwa, wenyewe wako msibani. Mlango wa pili ulikuwa wa mzee Sixtus, fundi wa redio. Nikaingia kuuliza watarudi lini. Mzee Sixtus hakuniangalia hata usoni. Alinipa ncha ya waya akasema, "Shika hapa, usiachie." Nikashika. Nikashika mpaka jua likawa utosini, jamani, naogopa kumuuliza kama ninaweza kuondoka! Redio ilipoanza kuimba, nikaruka nikapiga kelele kama nimeizaa mimi. Ndipo akaniangalia, akauliza, "Wewe binti wa nani?" Kitambaa kile niliishia kufutia vumbi la redio.

Mzee Sixtus alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alikuwa na kanuni moja tu: usiamini kinachowaka, amini kinachofanya kazi. Siku zile sikumwelewa. Redio ikiwaka si imepona? Ilibidi soko huria lije ndipo nimwelewe.

Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulikumbuka enzi za kupata sabuni kwa kujuana. Halafu ghafla, loo! Mabasi kutoka mpakani Tunduma yakawa yanashusha mabegi yaliyovimba: saa za mkononi, redio za kaseti, kalkuleta, baadaye simu, baadaye kompyuta, na mwisho zikaja laptop, nyingi zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka. Chaja zilikuwa zinakuja peke yake, kwenye magunia, zimefungwa mafungu kama mchicha. Laptop ya huku, chaja ya kule, na hawajuani.

Muuzaji alikuwa anafanya hivi. Anachukua laptop yako, anajaribu chaja moja baada ya nyingine, na pini ikiingia anapaza sauti, "Imeingia!" Kama haikulegea, hiyo ndiyo yako. Kale kataa kadogo pembeni mwa laptop kakiwaka, mnapeana mikono. Wengine walikuwa wanaipima chaja kwa uzito, wanairusharusha kiganjani, nzito ndiyo bora. Wee! Wajanja walipojua hilo, tukaanza kuzifungua chaja na kukuta ndani wameweka kipande cha chuma, kimekaa tu, hakina kazi yoyote, kinaongeza kilo.

Mteja anarudi baada ya siku chache amenuna. "Fundi, naichaji kutwa nzima, haijai." Au lile la kuchekesha zaidi: "Fundi, nikiitumia huku inachaji, betri inapungua." Wanadhani uchawi. Hakuna uchawi. Laptop inataka wati nyingi, chaja inatoa wati chache. Ukiitumia wakati huohuo, inakula kuliko inavyolishwa. Kataa kamewaka kweli, lakini taa kuwaka siyo kuchaji.

Hapo ndipo mzee Sixtus alipotengeneza kifaa chake, ambacho mimi nakiona bado ni kizuri kuliko vyote mlivyonavyo. Alichukua balbu nne za breki za lori, zile za volti ishirini na nne, akazipanga juu ya ubao, kila moja na swichi yake. Unachomeka chaja, unawasha balbu ya kwanza, unaangalia mshale wa mita. Unawasha ya pili, unaangalia. Chaja ya kweli mshale wake hautikisiki mpaka balbu ya nne. Chaja ya uongo, balbu ya pili tu mshale unaanza kushuka, ya tatu inalia wiii, ya nne inazima yenyewe na kuacha harufu.

Watu wakalipenda jambo lile kupita kiasi! Jioni wakifunga maduka walikuwa wanajaa mlangoni kwetu na chaja zao, kila mmoja anatamba. "Hii yangu ni ya balbu nne!" "Acha maneno, weka ubaoni!" Ikifika balbu ya nne wanashangilia kama goli. Ikifia ya pili, mwenyewe anazomewa mpaka kituo cha mabasi. Wauzaji wa Majengo wakaanza kuogopa ubao ule, na chaja za chuma zikapungua sokoni bila sheria wala mgambo.

Visa vilikuwa vingi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirando, chaja yake ukiishika unasikia njaa. Alilalamika kwamba kule ziwani laptop inachaji vizuri, lakini kila akipanda Sumbawanga inachaji kwa kuchelewa. Tukaijaribu ubaoni, balbu nne safi. Nikamuuliza anaichaji wapi. Gesti. Vipi? Akasema kwa huruma kabisa, "Huku kwenu baridi, dada. Nilipoishika asubuhi ilikuwa ya baridi kama jiwe. Nikaifunika sweta." Jamani! Ameipandisha mlimani, akaionea huruma, akaivalisha sweta! Chaja ikipata joto kupita kiasi inajibana yenyewe, inatoa umeme kidogo, isiungue. Nikamwambia avae sweta yeye.

Lakini kisa nilichotaka kuwaandikia ni cha mwalimu Ladislaus.

Ladislaus alikuwa mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja mbele ya Chala. Kijiji sikitaji, maana wajukuu wao ni wateja wenu. Kijana mrefu, mpole, akiongea mikono yake inaongoza nyimbo. Kwaya yao haikuwa na kinanda. Walichokuwa nacho ni laptop moja waliyopewa na mtoto wa kijiji anayefanya kazi mbali, na ndani yake Ladislaus alikuwa ametunga na kupanga muziki wa nyimbo zao zote. Inaunganishwa na amplifaya inayotumia betri ya gari, spika mbili, kwaya inaimba juu yake. Walikuwa na haki ya kuringa.

Alipokuja mara ya kwanza alikuwa hana raha. "Fundi, imenizimia katikati ya wimbo wa Utukufu, mbele ya watu, mara mbili sasa. Na ilikuwa imechomekwa."

"Umeme mnapata wapi?"

"Jenereta la kigango. Linawashwa Misa ikianza, linazimwa ikiisha. Mafuta ni ya kuungaunga." Akashusha sauti. "Wazee wa kwaya wamekaa kikao. Tuna Misa ya shukrani ya padri mpya, mtoto wa palepale kijijini, tumechunga mbuzi naye. Nimemtungia wimbo. Wamesema ikizima tena siku hiyo, niache kwaya. Mama Perpetua atairudisha kwaya kwenye ngoma tupu."

"Mama Perpetua ndiye nani?"

"Ndiye aliyenifundisha kuimba," akasema, na nikaona kinachomuuma ni hicho.

Nikaipima chaja yake. Balbu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne: mshale umesimama. Nikaichomeka kwenye laptop, asilimia zikaanza kupanda kama uji unaochemka. Nikamwambia chaja yako nzima, laptop yako nzima, nenda kwa amani. Akaenda. Jumapili iliyofuata betri ikashuka tena kwenye Misa akiwa amechomeka, ikabidi aizime mwenyewe kabla haijamuaibisha. Akarudi. Nikaipima tena, nzima! Tukabadilisha chaja, tukampa nyingine ya balbu nne. Akaenda. Akarudi.

Mzee Sixtus, ambaye siku hizo alikuwa anakuja benchi kupiga soga tu, akamwangalia juu ya miwani. "Mwalimu, chaja yako haina ugonjwa. Sema ukweli, umempenda nani hapa?"

Ladislaus akababaika. "Mzee, mimi nina mke."

"Basi unamkimbia."

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia, na yeye mwenyewe akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Misa ya shukrani ilikuwa imekaribia. Nilipomuona anafunga ule mkoba wake taratibu, moyo ukaniuma hasa. Nikamwambia, "Nakuja mwenyewe. Inavyoonekana hiki kitu kikija mjini kinapona, kikirudi nyumbani kinaugua. Lazima nikione kikiwa kwao."

Nikaufunga ubao wa balbu kwenye khanga, nikapanda lori lililokuwa linarudi Chala kuchukua mahindi, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi, nywele na kope. Kwaya ilikuwa mazoezini kanisani. Mama mmoja mfupi, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, akanifuata mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na vumbi. Wewe ndiye unayelitibu lile sanduku?"

"Ndiye mimi."

"Ukishindwa useme, tulizike. Jembe lipo." Huyo ndiye Mama Perpetua. Nilimpenda palepale!

Jenereta likawashwa kwa ajili yangu. Nikamwambia Ladislaus apange kila kitu kama siku ya Misa, asipunguze hata uzi. Chaja akaichomeka ukutani, karibu na mlango wa chumba cha padri. Lakini laptop ilikuwa kule mbele, katikati ya kwaya, kwa sababu kwaya ile haikusimama, ilicheza. Wanaenda mbele, wanarudi, wanazunguka, na mwalimu lazima awe kati yao. Na kutoka kwenye chaja hadi kwenye laptop kulikuwa na waya mwembamba wa rangi mbili, mrefu kama kamba ya ng'ombe, umepita chini ya mkeka.

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni waya tu, fundi," akasema Ladislaus.

Waya tu! Nikakaa chini sakafuni kanisani nikacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la uso. Kwaya nzima ikanizunguka ikidhani nimepagawa. Ulikuwa waya wa spika! Kwaya haikosi waya wa spika. Walikuwa wameufungia pini ya chaja iliyokufa upande mmoja na tundu lake upande wa pili, kazi nzuri kabisa ya mikono, na kila alipokuja mjini aliuacha palepale chini ya mkeka. Wala sikumlaumu. Ukimpeleka mtoto hospitali, nani hubeba na kitanda alichokilalia? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha, hakujua tu kwamba maradhi yalikuwa pale.

"Kwa nini hamkurefusha upande wa ukutani?"

Hapo wakanijibu wote kwa pamoja, na jibu lao lilikuwa la watu wenye akili. Wanacheza miguu mitupu. Waya unaotoka ukutani una umeme wa kuua. Ukichubuka chini ya mguu wa mtu, tunazika. Waya unaotoka kwenye chaja haumdhuru hata mtoto. Kwa hiyo ule usiodhuru ndio waliourefusha.

Nikafungua ubao. Nikampa Ladislaus mita ashike mwenyewe, nikawasha balbu nne kwenye chaja yenyewe. "Soma."

"Kumi na tisa."

Tukahamia mwisho wa waya wa spika. Balbu nne zilezile zikawa zinasinzia. "Soma."

Akakodoa macho. "Kumi na sita. Fundi, zimekwenda wapi tatu?"

"Zimenywewa njiani. Gusa waya."

Akaingiza mkono chini ya mkeka, akautoa haraka. "Una joto!"

Sikilizeni, vijana, hapa ndipo penye shule. Umeme wa ukutani una msukumo mkubwa, kwa hiyo kinachopita ni kidogo tu na kazi inafanyika. Waya ukiwa mrefu, haupotezi cha maana. Ukishatoka kwenye chaja, msukumo ni mdogo, kwa hiyo lazima kipite kingi, na waya mwembamba unakibana. Volti zinazobaki zinatosha kuwasha kataa, zinatosha hata kuifanya laptop ijikokote, lakini betri haipati kitu. Hata hizi kebo zenu za leo ambazo zote zina kichwa kimoja, msidanganyike na sura. Ndani moja nene na nyingine kama uzi wa kushonea, na ndefu iliyo nyembamba itawachelewesha mpaka mteja aitukane simu yake.

"Kwa hiyo urefu uende ukutani, na chaja iende karibu na laptop," akasema Ladislaus, mikono imeanza kuongoza. Halafu ikashuka. "Na miguu?"

Kila mtu akaangalia chini, pale penye mkeka.

Mama Perpetua akasonya. "Mbona mnaangalia chini? Nguo zangu naanika juu ya kuku, na hakuna kuku aliyewahi kuzikanyaga."

Weeee! Nilimkumbatia na vumbi langu lote! Stoo ya kigango ilikuwa na waya mnene wa pampu ya maji iliyokufa zamani. Tukaupandisha ukutani, tukaupitisha kwenye boriti za paa, tukaushusha katikati ya kwaya juu ya kichwa cha mwalimu, na chaja tukaining'iniza kwenye kikapu kilicho wazi ipate hewa. Yule mama alisimamia kila fundo, huku akirudia kwamba yeye bado ni mtu wa ngoma na tusimwingize kwenye mambo ya sanduku.

Siku ya Misa nilikuwepo, ningekosaje? Kanisa lilifurika, watu wamesimama mpaka nje kwenye upepo. Na asubuhi hiyohiyo Ladislaus akanijia midomo imekauka. Usiku vijana wa kwaya walikuwa wamefanya mazoezi ya mwisho na laptop bila jenereta. Betri imebaki mkia tu. Mafuta ni ya Misa peke yake, hakuna kuwasha kabla. Kwa waya wa zamani, asingemaliza hata wimbo wa kuingia.

Jenereta likanguruma, maandamano yakaanza, kwaya ikalipuka. Mimi nilikuwa nyuma ya kwaya, macho kwenye pembe ya kioo. Inapiga muziki na huku inapanda! Taratibu, lakini inapanda! Ikafika mahubiri. Ladislaus akafunika kioo cha laptop ipumzike, nasi tukakaa. Aliyehubiri alikuwa padri mzee, mlezi wa yule mpya, na alianza tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Watu walianza kujinyoosha, watoto wakalala. Kwenye kwaya, loo, hakuna aliyetaka amalize! Kila padri alipovuta pumzi kama anayehitimisha, tulishika mioyo. Kila aliposema "na jambo jingine, ndugu zangu," tulifinyana kwa furaha. Sijawahi kusikiliza mahubiri kwa bidii vile, Mungu anisamehe. Alipotamka amina, Ladislaus akafunua kioo, akaniangalia, na meno yote thelathini na mbili yakaonekana. Imevuka nusu.

Ikafika baada ya Komunyo, wimbo wa shukrani, ule aliomtungia rafiki yake. Wameimba ubeti wa kwanza, na jenereta likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Mafuta yameisha, na mlinzi wake ameenda kuangalia masufuria ya pilau. Taa za kanisani zikazima. Watu wakageuka wote kuitazama kwaya, maana kijiji kizima kilijua habari ya kikao. Mimi nilifumba macho.

Muziki haukukatika. Amplifaya na betri yake ya gari, laptop na shibe yake ya mahubiri, vikaendelea kama havijasikia habari. Ladislaus mikono juu, jasho linatiririka, hakugeuka. Ubeti wa pili, wa tatu. Ubeti wa nne padri mpya akashindwa kujizuia, akashuka altareni na mavazi yake yote, akaanza kucheza kumwelekea rafiki yake wa kuchunga mbuzi. Basi tena! Vigelegele vilivyopigwa mle ndani, nadhani Kirando walisikia. Mama Perpetua alikuwa mstari wa mbele anacheza kuliko wasichana, na mimi nilicheza mpaka kiatu changu kikakatika.

Misa ilipoisha, tukiwa nje, wazee wa kwaya wakaja kwa pamoja, Mama Perpetua mbele. Ladislaus akanyooka kama mwanafunzi. Watu wakapunguza kelele.

"Mwalimu," akasema yule mama.

"Naam, mama."

Akajifunga khanga vizuri, akamwangalia kutoka chini kwenda juu, maana alikuwa mfupi sana kwake.

"Jumamosi mazoezi saa ngapi?"

Ladislaus akanyanyua mikono yake mirefu, akaonyesha vidole vitatu, akalia.